Kipimo cha Mifupa: Nani Akapime, Nani Asubiri, Nani Aanze Dawa Bila Kupima

Kabla hujauliza kipimo cha mifupa ni shilingi ngapi, jiulize jibu lake utalifanyia nini. Likitoka baya, uko tayari kuanza dawa na kuitumia kwa miaka? Likitoka zuri, kuna dawa utakayoiacha au hofu utakayoitua? Kama majibu yote mawili yatakuacha pale pale ulipo, hela hiyo ina kazi nyingine nyumbani.

Sikidharau kipimo chenyewe. Ni kipimo kizuri, hakiumi, na kwa anayekistahili kinaweza kumwepusha na kuvunjika nyonga. Kinachonisikitisha ni kwamba mara nyingi kinawapita wanaokihitaji. Mwanamke wa miaka 45 mwenye afya tele anauziwa kifurushi cha uchunguzi wa mwili mzima, kipimo cha mifupa kikiwamo, huku bibi wa miaka 70 aliyeteleza sebuleni akavunjika mkono anafungwa plasta, anapewa tarehe ya kurudi kuifungua, na hakuna hata mmoja anayemuuliza mfupa wake umekatikaje kwa kuanguka kudogo namna ile.

Ugonjwa usiouma

Osteoporosisi ni mifupa kupungukiwa madini na kudhoofika hadi ivunjike kirahisi. Mifupa yetu hufikia ukomavu wake wa juu tukiwa na miaka kati ya 25 na 30 hivi. Baada ya hapo huanza kupungua taratibu, na kwa mwanamke kasi huongezeka hedhi inapokoma, kwa kuwa homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiilinda imeshuka. Katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, wapo wanawake wanaopoteza hata asilimia 20 ya mfupa wao. Ndani ya mfupa mna vijiti vyembamba vilivyofungamana, mithili ya fito za nyumba ya udongo: kwa nje ukuta unauona uleule, kumbe ndani fito zimekwisha. Mwanamume naye hupungua, ila kwa kuchelewa na kwa kasi ndogo.

Kupungua huku hakuumi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Magoti yanayouma asubuhi, vidole vilivyovimba, kiuno kinachokaza wakati wa baridi, hayo ni mambo ya viungo, ambayo wengi wetu tunayaita baridi yabisi. Kipimo cha mifupa, kinachoitwa DEXA, hakitayaeleza. Mtu anaweza kuwa na magoti mabovu na mifupa imara kabisa, na mwingine akawa hana anapouma huku mifupa yake imeisha. Ukitumwa kupima DEXA kwa sababu ya magoti peke yake, una haki ya kuuliza sababu.

Mgongo ni habari nyingine. Mzee akiinua ndoo ya maji, akasikia mgongo umekatika kwa maumivu makali, huenda pingili ya uti wa mgongo imebonyea, na hapo kinachotangulia ni eksirei ya mgongo. Tena kwetu Afrika Mashariki tusikimbilie kusema ni uzee. Kifua kikuu huingia kwenye pingili, na saratani ya tezi dume au ya titi husambaa hadi kwenye mifupa hiyo hiyo. Mgongo unaouma usiku na mchana, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, au ganzi na udhaifu wa miguu, unahitaji daktari wiki hii, si miadi ya kipimo cha mifupa mwezi ujao.

Waliokwisha kupata jibu

Kama umri wako umevuka miaka 50 na uliwahi kuvunjika kwa kuanguka ukiwa umesimama tu, bila gari, bila pikipiki, bila kudondoka kutoka juu ya mti au ngazi, basi mfupa wako umeshakuambia wenyewe. Mfupa wenye afya haukatiki kwa mtu kujikwaa kwenye kapeti. Kuvunjika huko madaktari hukuita mvunjiko wa udhaifu, na mahali unapotokea zaidi ni nyonga, pingili za uti wa mgongo, kifundo cha mkono na bega.

Aliyevunjika nyonga au pingili kwa namna hiyo, baada ya daktari kuhakikisha hakuna saratani wala ugonjwa mwingine, anaweza kuanzishiwa dawa bila kusubiri DEXA. Narudia: bila kusubiri. Kipimo kitamfaa baadaye kama kipo karibu, ili pawe na mahali pa kuanzia kulinganisha, lakini asikae miezi sita akichangiwa nauli ya kwenda mjini kupima kitu ambacho tayari kinajulikana. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti mkubwa wa wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga iliyovunjika. Waliingizwa kwenye utafiti kwa sababu ya mvunjiko wenyewe. Nusu yao walidungwa zoledronate kupitia mshipa mara moja kwa mwaka, nusu nyingine dripu isiyo na dawa. Waliopata dawa walipungukiwa na mivunjiko mipya kwa asilimia 35, na vifo kwa asilimia 28.

Takwimu hizo zina uzito kwa sababu nyonga si jeraha la kuchezea. Hata katika nchi zenye hospitali za kila namna, takriban mtu mmoja kati ya watano waliovunjika nyonga hafikishi mwaka, na wengi wa wanaobaki hawarudi kutembea walivyokuwa wakitembea. Kwetu, ambako wengine hulazwa kitandani nyumbani wakisubiri mfupa ujiunge wenyewe, sioni sababu ya kutarajia nafuu zaidi.

Kwa hiyo unapomsindikiza mama kliniki ya mifupa kufungua plasta, usitoke kabla hujauliza: "Daktari, mama alianguka akitoka jikoni tu. Tunaomba kujua kama mifupa yake ni dhaifu, na kama anahitaji dawa ya kuikinga asivunjike tena." Sentensi hiyo ina thamani kuliko vipimo vingi ninavyovijua. Aliyevunjika mara moja yuko karibu zaidi na kuvunjika tena, hasa katika miaka miwili ya mwanzo.

Wapo pia waliovunjika bila kujua. Pingili nyingi hubonyea kimya kimya na dalili pekee ni kimo. Msimamishe mzazi ukutani bila viatu, visigino vikigusa ukuta, mpime kwa futi kamba, kisha linganisha na kimo chake cha ujanani kama kimeandikwa popote. Kama hakikuandikwa, angalia nguo: dera lililokuwa likiishia kwenye vifundo vya miguu sasa linaburuta chini, naye hajakonda. Kupungua sentimita 4 au zaidi, au mgongo wa juu kuanza kupinda, ni sababu ya kuomba eksirei ya mgongo.

Anayestahili kukifikiria kipimo

Waliobaki ni wale ambao hawajavunjika ila wana sababu ya kuwa na wasiwasi. Hawa ndio kipimo kilitengenezewa. Jopo la Marekani linalotoa miongozo ya uchunguzi wa kinga linashauri wanawake wote wa miaka 65 na zaidi wapimwe, na walio chini ya hapo ambao hedhi imekoma wapimwe wakiwa na hatari ya ziada. Kwa wanaume jopo hilohilo linasema ushahidi hautoshi kuwapima wote, ingawa vyama vya wataalamu wa mifupa huwashauri waanze wakiwa na miaka 70, au mapema zaidi kama wana sababu.

Umri huo wa miaka 65 uliwekwa kwa nchi ambako mashine ziko karibu na bima inalipa. Kwetu mashine za DEXA ni chache na nyingi ziko kwenye hospitali kubwa za mijini. Simshauri mwanamke mzima wa miaka 66 aliyeko Sumbawanga au Lodwar, asiye na hatari nyingine, auze mbuzi ili akapime. Lakini kama pamoja na umri ana mambo mawili matatu ya yafuatayo, safari hiyo inaanza kuwa na maana.

La kwanza ni steroidi, na ndilo linalosahaulika kuliko yote. Anayetumia prednisolone miligramu 5 au zaidi kila siku kwa miezi mitatu au zaidi, iwe ni kwa pumu, lupasi, baridi yabisi ya kweli ya rumatoidi au ugonjwa wa ngozi, mifupa yake inaliwa, na hatari hupanda ndani ya miezi michache ya mwanzo. Wapo wazee wanaojinunulia vidonge hivi dukani bila cheti, miaka nenda miaka rudi, kwa kuwa vinatuliza maumivu na kuleta hamu ya kula. Kama ndivyo, usiviache ghafla, maana mwili uliovizoea unaweza kuanguka. Mwone daktari avipunguze kwa mpango, na umwambie kweli umevitumia kwa muda gani.

La pili ni hedhi iliyokoma kabla ya miaka 45, ama yenyewe, ama kwa sababu ovari ziliondolewa kwa upasuaji. Kisha kuna mzazi aliyewahi kuvunjika nyonga; wembamba wa kupindukia, ambao kwa mtu wa mita 1.60 ni chini ya kilo 47 hivi, sigara, na pombe inayofika chupa mbili za bia za nusu lita kila siku, au mfano wake katika gongo na chang'aa. Ongeza tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kisukari, magonjwa ya utumbo yanayozuia chakula kufyonzwa, dawa za zamani za kifafa kama phenytoin na phenobarbital zilizotumika kwa miaka mingi, na matibabu ya saratani ya titi au ya tezi dume yanayoshusha homoni. Mwanamume anayechomwa sindano za kushusha homoni kwa ajili ya tezi dume asidhani mifupa ni maradhi ya wanawake. Kwake yeye kipimo ni halali kabisa.

Kuna dawa mbili zinazowatia watu hofu kuliko inavyostahili, na ningependa nizizungumzie bila haraka. Tenofovir iliyomo kwenye ARV nyingi zinazotolewa Kenya na Tanzania hupunguza mfupa kidogo zaidi katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha upungufu hutulia. Anayeishi na virusi akifika miaka 50 ni vizuri amuulize daktari kuhusu mifupa, lakini kuacha ARV kwa sababu ya mfupa ni kubadilisha hatari ndogo kwa kubwa mno. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nayo hupunguza uzito wa mfupa wakati inatumika, na sehemu kubwa hurudi ikishaachwa. Binti wa miaka 28 anayeitumia hana haja ya DEXA kwa sababu hiyo peke yake.

Kijana mwenye afya asiye na lolote kati ya haya asipime. Pia asipime mtu ambaye hali yake ya kiafya imefika mahali ambapo dawa ya mifupa haitamsaidia tena. Kwake la maana ni kuzuia asianguke.

Piga hesabu kwanza

Tangu 2008 kuna kikokotoo kinachoitwa FRAX, kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, chini ya Profesa John Kanis. Unakifungua bure kwenye intaneti, unajaza umri, jinsia, uzito, kimo, kuvunjika kwako, kuvunjika kwa mzazi, sigara, steroidi na mengine machache, nacho kinakupa asilimia ya uwezekano wa kuvunjika ndani ya miaka 10. Sehemu ya matokeo ya DEXA unaweza kuiacha wazi, na hilo ndilo linalokifanya kiwe cha manufaa kwetu: asilimia ikiwa ndogo sana, kipimo kinaweza kusubiri, ikiwa kubwa sana, daktari anaweza kuanza matibabu, ikiwa katikati, hapo ndipo DEXA inapoamua.

Tahadhari mbili tu. Hatari ya kuvunjika hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo kama nchi yako haimo kwenye orodha, usijichagulie yoyote, mwachie daktari achague iliyo karibu. Pili, FRAX haikuulizi umeanguka mara ngapi mwaka huu. Anayeanguka kila mwezi ana hatari kubwa kuliko kikokotoo kinavyosema, na lazima amwambie daktari hivyo.

Mashine zisizopima mfupa

Umewahi kuona banda lenye kompyuta ndogo, mtu anashikishwa kifimbo cha chuma mkononi kwa dakika moja, kisha karatasi zinatoka kurasa kadhaa zikionyesha ini, figo, macho, na "upungufu wa kalsiamu kwenye mifupa". Karibu na banda pana meza yenye makopo ya virutubisho, na bei yake inakaribia mshahara wa nusu mwezi. Kifimbo kile hakipimi mfupa. Hakuna kinachopita kwenye nyonga yako wala kwenye pingili zako. Wazee wetu wanatoa akiba yao hapo, na wanarudi nyumbani wakiamini wamepimwa. Mkanye mzazi wako kwa upole, lakini mkanye.

Tofauti na hiyo, kipimo cha kisigino kwa mawimbi ya sauti ni kipimo halisi. Unaweka mguu kwenye kifaa kidogo na jibu linatoka papo hapo, ndiyo maana hupendwa kwenye kambi za afya. Kinaweza kuashiria hatari, ila majibu yake hayasomwi kwa viwango vya DEXA wala hayatumiki kufuatilia dawa. Kikitoka kibaya, usianze vidonge kwa ajili yake. Kichukue kama sababu ya kumwona daktari.

Siku ya kipimo

Piga simu hospitali kwanza. Uliza kama mashine yao inapima nyonga na mgongo wa chini, maana hizo ndizo sehemu mbili zinazotumika kutoa uamuzi. Uliza kama inafanya kazi wiki hiyo, kama unahitaji barua ya daktari, na kama bima yako inalipa. Usiende bure kutoka wilayani.

Vidonge vya kalsiamu viache saa 24 kabla, kwa kuwa kidonge ambacho hakijayeyuka kinaweza kuonekana kwenye picha kama sehemu ya mfupa. Kama umepigwa picha ya kunywa bariamu au CT ya dawa ya mshipani hivi karibuni, waambie. Watakupangia tarehe ya mbele. Mwenye mimba asipimwe. Vaa nguo isiyo na zipu, kifungo cha chuma wala mkanda. Dera na khanga vinafaa kabisa. Toa sarafu na simu mfukoni. Na kuna jambo ambalo wahudumu wa kiume huona haya kulisema: shanga za kiunoni na hirizi yenye chuma zivuliwe, kwani zinakaa pale pale picha inapopigwa. Ukipenda mhudumu wa kike, omba mapema.

Ndani hakuna handaki la kuingizwa. Unalala chali kwenye kitanda kilicho wazi, na mkono wa mashine unapita juu yako polepole. Kwa mgongo utawekewa boksi laini chini ya miguu ili magoti yakunjike na mgongo ulale sawa. Kwa nyonga, mguu utazungushwa kidogo kwa ndani na kufungwa kwenye kigingi ili shingo ya mfupa wa paja ionekane yote. Kazi yote ni dakika 10 hadi 20. Mionzi yake ni kidogo mno, sawa na ile tunayoipata sote kwa siku chache tu kutoka ardhini na angani, kwa hiyo mionzi isiwe sababu ya kukikataa. Aliyewekewa chuma nyonga moja hupimwa nyingine, na ambaye nyonga na mgongo vyote havipimiki hupimwa mkono, karibu na kifundo.

Kusoma karatasi

Namba utakayoisikia zaidi ni skoa ya T. Inalinganisha mfupa wako na wa mwanamke kijana mwenye afya. Kwa viwango vilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, kuanzia −1 kwenda juu ni kawaida. Kati ya −1 na −2.5 ni upungufu wa wastani, ambao hospitalini huitwa osteopenia, −2.5 kwenda chini ni osteoporosisi. Daktari huchukua iliyo ya chini zaidi kati ya nyonga na mgongo. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, na kwa mwanamume wa chini ya miaka 50, husomwa skoa ya Z inayomlinganisha na wa rika lake.

Osteopenia isikunyime usingizi. Ni jina la kiwango, wala si hukumu ya ugonjwa, na wanawake wengi waliovuka miaka 60 wanaangukia hapo. Kwa upande mwingine, namba nzuri isikulaze. Idadi kubwa ya wanaovunjika walikuwa na skoa iliyo juu ya −2.5, kwa sababu kuvunjika kunategemea pia umri, macho, misuli na kuanguka. Tena mgongo wenye pingili zilizoota mifupa ya uzeeni huonekana mzito kuliko ulivyo. Mgongo ukiwa mzuri sana na nyonga mbaya, iamini nyonga.

Swali la kumuuliza daktari ni hili: kijana niliyelinganishwa naye ni nani? Kipimo cha kimataifa kwa nyonga hutumia wanawake vijana wazungu wa Marekani. Utafiti wa miaka mingi katika kijiji cha Keneba, Gambia, uliwakuta wanawake wa shamba wenye madini machache mifupani na kalsiamu kidogo kwenye chakula, huku mivunjiko ikiwa michache. Hilo halifuti kipimo. Linamtaka daktari akutazame wewe mzima pamoja na karatasi yako, hasa sasa ambapo wengi tunaishi muda mrefu zaidi, tunakaa vitini mijini na hatulimi.

Ukishajua

Mwaka 1998 yalitangazwa matokeo ya wanawake zaidi ya 4,400 ambao pingili zao hazikuwa zimebonyea, waliopewa alendronate au kidonge kisicho na dawa. Waliokuwa na skoa ya −2.5 kwenda chini walipungukiwa na mivunjiko kwa zaidi ya theluthi. Waliokuwa juu ya hapo hawakuonyesha faida ya wazi. Miaka miwili nyuma, 1996, dawa hiyo hiyo kwa wanawake ambao tayari walikuwa na pingili iliyobonyea ilipunguza mivunjiko ya nyonga kwa karibu nusu. Weka tafiti hizi mbili pamoja na utaona kazi ya kipimo: kwa ambaye hajavunjika, DEXA inamchagua atakayefaidika na dawa, kwa aliyevunjika, kuvunjika kwenyewe kumekwisha kuchagua.

Alendronate ni kidonge cha miligramu 70 mara moja kwa wiki. Kinamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa bilauri nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa, kisha usilale wala usile kwa nusu saa. Ukikimeza ukarudi kitandani kitakuunguza koo. Kabla ya kuanza, figo zipimwe, na kama kuna jino la kung'olewa ling'olewe kwanza, kwani dawa za aina hii mara chache sana huzuia taya kupona. Madhara mengine adimu ni ufa kwenye paja baada ya miaka mingi, ndiyo maana daktari huangalia upya baada ya miaka 5 hivi. Ukipewa denosumab, sindano ya kila miezi sita, usikose tarehe hata moja bila ushauri. Ikikatwa ghafla mfupa hushuka kwa kasi na pingili zinaweza kuvunjika kwa mfululizo.

Ambaye hana uwezo wa dawa, au ameamua hataki, bado ana kazi ya kufanya, na haihitaji kipimo. Mtu mzima anahitaji kalsiamu miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, mtindi, mboga za majani kama sukuma wiki. Jua likipiga ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, na mama anayeshinda ndani au aliyejifunika muda wote anaweza kupungukiwa ijapokuwa anaishi Mombasa. Kutembea, kupanda ngazi, kunyanyuka kwenye kiti mara kumi bila kushika kitu. Na nyumba yenyewe: kandambili zilizolika soli zitupwe, taa iwekwe njia ya kwenda chooni, bafu lenye sakafu laini litandikwe mpira usioteleza, na choo cha kuchuchumaa kiwekewe mshikio ukutani. Dawa za presha na za usingizi zinazomfanya mzee ayumbe akisimama usiku zipitiwe upya na daktari.

Kuhusu kurudia kipimo, usikubali kuuziwa cha kila mwaka. Watafiti Wamarekani waliowafuatilia wanawake wa miaka 67 na zaidi, wakachapisha matokeo yao mwaka 2012, waliona kwamba kwa waliokuwa na mfupa wa kawaida au upungufu mdogo, ilichukua takriban miaka 15 hadi mmoja kati ya kumi afikie osteoporosisi. Waliokuwa na upungufu wa kati ilikuwa miaka 5 hivi, na waliokuwa karibu kabisa na −2.5 ni mwaka mmoja tu. Aliyeanza dawa kwa kawaida hurudia baada ya miaka 2 au 3, kwa sababu mabadiliko ya chini ya asilimia 3 hadi 5 yanaweza kuwa kosa la mashine tu. Rudi kwenye mashine ile ile, maana mashine mbili hazisomi sawa. Ukitoka, ondoka na karatasi yenye picha na namba zote, si ile yenye neno moja la majibu, na uitunze pamoja na kadi yako ya kliniki.